Mkono Ulioinuliwa Kando ya Ziwa

Rávdojávri, 9 Januari 2011

Kaka Lemet,

Mama anasema dakika zako za simu huko gerezani ni zake, mimi niandike. Amesema vyema, maana unanijua mimi na simu. Hata nikiongea na mtu ninayempenda, maneno hunikimbia. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenisubiri nimalize.

Naandika kwa lugha ya nyumbani. Kama walinzi wenu hawaijui na lazima mtu awafasirie kwanza, basi barua isubiri. Lugha ya shule naiandika vizuri zaidi, mwalimu mwenyewe anasema, lakini nikiiandika nakuwa mwanafunzi tu. Nasahihishwa hata na nafsi yangu.

Habari za hapa. Mvua ilinyesha siku tatu kabla ya mwaka mpya, kisha baridi ikashuka kwa ghafla. Sasa ganda la barafu limefunika ukoga wote wa ardhini ambao kulungu wetu wa theluji hula. Kulungu wanachimba mpaka kwato zinatoka damu, na hawafiki chini. Baba anawapelekea chakula cha magunia kwa pikipiki ya theluji, na magunia hayo yananunuliwa kwa pesa za wageni wa kitalii. Kwa hiyo wageni bado wanakuja, ndiyo, hata baada ya yote. Wanalisha kulungu kwa mkono, wanakunywa kahawa hemani, wanapanda sleji inayovutwa na kulungu. Ila sleji siku hizi inazunguka uzio mara mbili, basi. Ziwani hatwendi.

Jana mgeni mmoja alimuuliza Baba ana kulungu wangapi. Mimi ndiye mkalimani, uso ukaniwaka, kama vile ameuliza Baba ana kiasi gani benki mbele ya watoto wake. Baba akajibu lile jibu lake, "Wako upande huu wa mti, na wengine upande ule." Mgeni akacheka, akauliza tena.

"Mwambie wamezidi nywele zake," Baba akasema.

Mgeni ana upara. Sikutafsiri.

Nilitamani ungekuwepo, ungecheka kwa niaba yangu.

Baba hakutaji jina. Lakini kofia yako bado iko kwenye msumari pale mlangoni, na hakuna anayethubutu kuisogeza. Wewe unatoka tarehe 26 Aprili. Kundi linahama kwenda pwani tarehe 27, na asubuhi hiyo jamaa wote wa malisho wanakutana kabla ya kuondoka. Asiyekuwepo, nafasi yake ya kufuga anapewa mwingine, na wote wanajua ni Ánde, mtoto wa baba mdogo. Tafadhali ukitoka panda basi moja kwa moja.

Mdogo wako,
Sunná


Gerezani, 21 Januari

Kipanya,

Barua yako ilikaa kwa mkalimani siku tisa. Mlinzi aliponiletea akauliza, "Hizi alama juu ya herufi za nini? Mnazitia chumvi?" Nikamwambia ndiyo, zisioze safarini.

Hapa si pabaya unavyofikiri. Kuna joto, kuna chakula. Jirani yangu ni mwizi wa injini za mashua, mchana kutwa ananihubiria uaminifu.

Sasa nisikilize. Sirudi. Si kwa sababu ya Baba, na wala si kwa sababu ya aibu. Ulikuwepo siku ile ya Machi, lakini hujui upande wangu, kwa hiyo nakueleza mara moja tu.

Nilikuwa sleji ya mbele, na kulungu wangu Gabba ndiye anayenivuta. Yule mgeni, mama wa Denmark, alikuwa sleji ya pili, kulungu wake maksai kafungwa nyuma ya sleji yangu. Tulipofika ukingoni nikasimama, kama tulivyofunzwa tangu hatujajua kutembea: kabla ya kukanyaga barafu, wa nyuma afungue kamba zote, kila maksai asimame peke yake, mmoja akizama asimvute mwenzake. Akimaliza anainua mkono. Wa mbele haondoki mpaka auone mkono.

Mimi niliuona, Sunná. Glavu yako nyekundu, juu kabisa. Nikamwambia Gabba twende. Barafu ikavunjika chini yake, mimi nikaruka, na kamba ikamvuta maksai wa pili, na mama yule nyuma yake, amefungwa blanketi mpaka kifuani.

Baadaye Baba akaniambia amekuuliza, nawe umesema hukuinua mkono. Nikaamini. Wewe hujawahi kunidanganya, hata peremende zangu ulipoiba ulikuja mwenyewe unalia. Kwa hiyo mahakamani nikasema sikusubiri ishara, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Macho yangu yaliutunga ule mkono kwa sababu nilikuwa na haraka.

Mfugaji ni macho. Mtu ambaye macho yake yanamtungia vitu atachunga nini? Huku kila asubuhi nahesabu matofali ya ukuta ulio mbele ya dirisha. Nikimaliza narudia, kuona kama nitapata idadi ileile.

Mwambie Baba amchinje kulungu wangu Muzet. Ana alama yangu sikioni, ni haki yangu kusema. Ngozi chukua wewe.

Lemet


Rávdojávri, 6 Februari

Kaka Lemet,

Muzet hachinjwi. Sijamwambia Baba na sitamwambia.

Tena hajakubali mtu mwingine amfunge kwenye sleji. Ánde alikuja Jumamosi kutusaidia na wageni. Siku hizi anavaa joho la sherehe hata siku ya kazi, lile la buluu lenye nakshi zote, ili apigwe picha. Alipomsogelea Muzet na hatamu, Muzet akageuza kichwa polepole tu, akampiga pembe matakoni. Wageni wakashangilia, walidhani ni sehemu ya maonyesho.

"Huyu dume ana jeuri ya mwenyewe," Ánde akasema. Kisha akanigeukia, "Na wewe Sunná, mbona hucheki? Ukifungua mdomo unaogopa nzi wataingia? Februari hii, dada yangu. Hakuna nzi."

Kila mtu akacheka. Nami nikacheka kwa mdomo uliofungwa, unajua ninavyofanya.

Asubuhi hiyo tulikuta majike wawili wamekufa kwenye uzio wa kulishia. Walikuwa wamelala kama wanapumzika. Baba alikata ncha za masikio zenye alama, akazitia mfukoni. Kisha akaja kuwasalimia wageni.

Kaka, kuhusu macho yako. Macho yako ni mazima. Naomba uniamini bila kuniuliza najuaje.

Rudi tarehe 27.

Sunná


Aarhus, 20 Februari

Kwa Sunná mpendwa,

Labda utashangaa kupata barua kutoka kwangu. Mimi ni Henning Rasborg, mume wa Birthe. Nakuandikia Kidenmaki, kinachokaribiana na lugha yenu ya shule, na najua utanielewa, kwa kuwa siku ile ulitusikiliza kwa makini sana ingawa hukusema zaidi ya maneno kumi. Birthe aliyahesabu. Alisema, "Mtoto huyu ana adabu ambayo wajukuu wetu hawana."

Mwezi ujao unatimia mwaka. Sikuweza kuzitazama picha za safari mpaka wiki hii. Nakutumia moja. Ndiyo ya mwisho ya mke wangu, na wewe umo, kwa hiyo naona ni yako pia.

Utakumbuka. Nilishuka kwenye sleji yangu ya nyuma ukingoni mwa ziwa, wewe ulikuwa umeinama karibu na kamba mbele ya maksai wa Birthe. Nikawaambia, "Pungeni mkono!" Birthe alikuwa amefungwa blanketi, mikono yake iko ndani, akakuambia umpungie kwa niaba yake. Nawe ukainuka, ukainua mkono. Tazama anavyocheka.

Sina chuki na kaka yako. Nilisema hivyo mahakamani na nasema tena. Kijana aliharakisha, basi. Nimefurahi tu kwamba siku ile wewe ulikuwa nchi kavu.

Wako,
Henning Rasborg


Rávdojávri, 4 Machi

Kaka Lemet,

Theluji imeanguka tena, laini. Muzet ni mzima. Mama anakusalimu. Baba amepasua kuni za mwaka mzima na bado anapasua.

Sina zaidi.

Sunná


Gerezani, 14 Machi

Kipanya,

Barua ya mistari minne! Hata walinzi wamenionea huruma. Mkalimani amepunguziwa kazi.

Nimepata kazi huku pwani, kwenye kiwanda cha samaki. Ni kukata vichwa. Samaki keshakufa, na kichwa kiko palepale kila mara, sihitaji macho. Wanataka jibu langu kabla ya mwezi wa nne. Mwambie Baba nafasi yangu aipeleke kwa Ánde, wasisubiriane siku ya kuhama. Ni aibu jamaa wote kusimama kwenye baridi wakimsubiri mtu asiyekuja.

Uliniandikia macho yangu ni mazima. Hapa kila mtu ananiambia maneno ya namna hiyo, kasisi, mshauri, hata mwizi wa injini. Lakini wao hawakuwepo. Wewe ulikuwepo. Kwa hiyo nakuuliza wewe peke yako: unajua kitu, au unanibembeleza? Kama unanibembeleza, acha. Inauma zaidi.

Lemet


Rávdojávri, 19 Machi

Kaka,

Najua kitu.

Nimeweka picha ndani ya bahasha hii. Itazame kwanza, kisha urudi kusoma.

Ametuma mume wa yule mama. Hajui ametuma nini. Anadhani ni kumbukumbu. Lakini wewe ukiitazama utaona, hata Baba angeona, mtu yeyote wa kwetu. Kamba kati ya sleji yako na maksai wa pili bado imefungwa, fundo liko palepale. Na mkono wangu uko juu. Kule mbele kabisa, mdogo kama tone, ni wewe umegeuza kichwa.

Macho yako hayakutunga kitu. Uliuona mkono wangu, nao mkono ulikuwepo kweli.

Nataka nieleze lote maana sitaweza mara ya pili. Nilianzia nyuma. Nilikuwa nimefungua sleji ya mwisho, ile ya mume, nikaja kwenye ya pili. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, fundo lilikuwa na barafu, nikainama kulipulizia. Hapo ndipo mume akasema pungeni. Mimi sipendi kupigwa picha, unajua. Lakini yule mama alinitazama akasema, "Nipungie wewe, mimi mikono imefungwa." Mimi ndiye niliyeifunga. Nilimzungushia blanketi na kamba mpaka kifuani, akasema anajisikia kama mtoto mchanga. Sikuweza kumkatalia. Nikainuka nikapunga.

Sikukumbuka kama mkono wangu siku ile si wangu. Nilisahau kwamba wewe unausubiri.

Kaka, hilo bado si baya kuliko yote. Mkono ni makosa, na makosa hutokea. Kibaya ni kilichofuata. Nilikuona unageuka mbele. Nilikuona unamgusa Gabba kwa fimbo. Kamba ikakazika mbele ya macho yangu, fundo likiwa bado limefungwa. Nilijua. Nilikuwa na muda wa kuhesabu mpaka kumi. Ningepiga kelele "Ngoja!", neno moja tu, ungesimama, tungecheka.

Sikupiga kelele. Niliona haya. Niliwaza, nitamfokeaje kaka mbele ya wageni, tena kwa sauti hii yangu inayopasuka. Niliwaza, labda barafu ni nzima, labda mtafika ng'ambo na hakuna atakayejua kwamba sikufungua. Nilisimama pale na mkono wangu, nikaushusha taratibu ili mume asione kwamba kuna tatizo. Hiyo ndiyo haya yangu ambayo wote mnaiita adabu.

Kisha mlio, nao unaujua.

Afisa alipokuja jikoni kuniuliza maswali, Baba alijibu kabla yangu. Akasema mtoto alikuwa nyuma, hakuona kitu. Afisa alipoondoka, Baba akaniuliza yeye mwenyewe, "Uliinua mkono?" Nikatikisa kichwa kukataa. Ulimi sikuutumia hata hapo. Mwaka mzima nimejitetea hivi: sijasema uongo, maana sijasema chochote.

Waonyeshe polisi picha. Au nitumie nikawaonyeshe mimi. Lolote. Lakini rudi. Nafasi ni yako. Mimi nitaondoka kama hutaki kuniona, nitakwenda kusoma mjini.

Sijui niandike jina lipi chini. Kipanya ni la mtu mwingine.

Sunná


Gerezani, 30 Machi

Sunná,

Nimeitazama picha siku mbili. Glavu nyekundu.

Kwa hiyo niliona.

Mwaka mzima nimejifunza kutoyaamini macho yangu. Mama alipokuja kunitembelea nilimtazama mara tatu pale mlangoni kabla ya kumkumbatia, nikihofia labda si yeye. Aliona. Akalia, akadhani nimemkasirikia. Hilo nalo liweke kwenye mzigo wako.

Nimejaribu kuandika neno ambalo unataka kulisoma. Nimeharibu karatasi tatu. Sina neno hilo. Labda nitalipata nikizeeka.

Usiende polisi kwa ajili yangu. Nimebakiza siku ishirini na saba, na zile zilizopita hakuna anayeweza kunirudishia. Mwambie Baba tu. Mwambie kwa mdomo wako, si kwa karatasi.

Picha nabaki nayo.

Lemet


Rávdojávri, 9 Aprili

Lemet,

Naandika kwa lugha ya shule. Ile ya kwetu hawakunifundisha kuiandika, walitukataza hata kuisema. Unisamehe.

Dada yako ameniambia. Alisimama mbele yangu kwenye ghala la kuni na kusema kwa sauti. Nilimsikia mpaka mwisho. Kisha ilibidi nami niseme langu, na nilishindwa. Kwa hiyo nakuandikia wewe.

Siku ile nilikuwa nashuka kilima kwa pikipiki, nimebeba sufuria na kuni za wageni. Kutoka juu ziwa lote linaonekana. Niliona mkono. Niliona na kamba haijafunguliwa. Nilipiga kelele, lakini injini ilikuwa inanguruma.

Jikoni nilimuuliza nikijua jibu. Alipotikisa kichwa nilishukuru. Yeye alikuwa na miaka kumi na mitano, na yule mtoto hana ngozi, kila kitu kinamfika mfupani. Wewe ulikuwa mwanamume. Nilipima nikaona wewe utabeba. Nilikuambia umeona vibaya. Nilifikiri kifungo kina mwanzo na mwisho. Macho yako sikuyafikiria.

Sikukutaja jina kwa sababu ningelitaja, ningelazimika kusema na yaliyobaki.

Mvua na barafu vimekula robo ya kundi. Waliobaki wengi wana alama yako. Sijui kwa nini.

Tarehe 27 nitaishikilia nafasi yako mpaka saa sita mchana. Zaidi ya hapo jamaa hawatanikubalia, na wana haki. Basi la asubuhi linapita saa nne.

Baba yako,
Ovllá


Njiani kwenda pwani, 28 Aprili

Kaka Lemet,

Barua hii naituma gerezani ingawa ulitoka juzi. Sina anwani yako nyingine. Kama kuna mlinzi anayeisoma, tafadhali, aipeleke kiwanda chochote cha samaki.

Nilimwandikia Henning Rasborg, nikamwambia yote kama nilivyokuambia wewe. Niliona ni haki yake. Amenijibu mistari mitatu. Naikumbuka kwa moyo: "Mimi ndiye niliyesema pungeni. Naomba picha yangu irudi, sina nyingine. Usiniandikie tena." Picha unayo wewe, Kaka. Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Hata kama mimi hunijibu, yeye mrudishie.

Jana asubuhi jamaa wote walikuwa kwetu. Baba alipiga pasi shati. Mama alichemsha nyama tangu alfajiri, ulimi na mifupa ya uboho, unavyopenda. Saa nne tulisikia basi linapanda kilima. Likasimama. Watu wote waligeukia barabara, hata mbwa. Dereva akashusha boksi la vipuri vya pikipiki, akatupungia, akaondoka.

Baba mdogo akasema, "Ovllá, barafu inalainika."

"Nilisema saa sita," Baba akajibu.

Tukasubiri mpaka saa sita. Hakuna aliyekula. Nilidhani Ánde atasema kitu, maana Ánde hawezi kukaa na jambo bila kulitania, lakini alikwenda kusimama karibu na Muzet akaangalia chini. Walipomwambia nafasi ni yake, akasema tu, "Sikuitaka hivi." Halafu akaenda ndani akavua lile joho la sherehe, akarudi na nguo za kazi. Muzet alimkubali. Sijui kwa nini nakuambia hilo. Nadhani ningependa angekataa.

Kisha tukaenda. Pikipiki na kundi kubwa walizunguka juu, lakini maksai wa sleji lazima wapite ziwani. Baba alikuwa mbele. Mimi nilikuwa nyuma, kwa kuwa niliomba, na hakuna aliyepinga. Pale ukingoni palepale tukasimama. Nilivua glavu. Nikafungua kamba moja moja, zote nne, nikarudi kuzihakiki. Kisha nikainua mkono.

Baba aligeuka, akaniona. Najua aliniona. Hakuondoka. Alishuka kwenye sleji, akatembea taratibu kurudi nyuma, akaishika kila kamba kwa mkono wake, mpaka akafika kwangu. Hakunitazama usoni. Akageuka akarudi mbele, akapanda, bado akakaa tu.

Ndipo nikaelewa kwamba kwetu mkono hautatosha tena. Nikafungua mdomo, nikapiga kelele, "Tayari!"

Wote waligeuka. Hawajawahi kunisikia. Sauti ilipasuka kama nilivyoogopa siku zote, ikaenda mpaka ng'ambo ya ziwa, ikarudi. Baba akamgusa maksai, tukavuka. Imechelewa mwaka mmoja na siku hamsini na mbili, lakini ipo. Hakuna aliyecheka.

Kofia yako haikuweza kubaki kwenye msumari nyumba ikifungwa. Nimeitundika kwenye nguzo ya kituo cha basi, upande wa barabara, nimeifunga kwa fundo lisilofunguka kwa upepo. Dirisha la basi linaiona vizuri. Siku ukipita, hata kama hushuki, hata kama unaelekea kwingine, tazama kulia.

Ukiiona, umeiona kweli.

Sunná